Mkwe wa Mwenye Amani

Afisa wa dirisha la tatu aliuliza swali lake mara ya nne, na mara ya nne Mukashema akamjibu jibu lilelile.

"Baba ya bwana yako, jina yake nani?"

"Mwenye Amani."

Afisa akaweka kalamu chini. Alikuwa kijana wa upande wa Soroti, mbali huko, Kiswahili chake amekiokota kwa askari, na tangu asubuhi hakuwa ametia kitu tumboni. Hakuwa mtu mbaya. Tuseme hivyo mapema, maana njaa na foleni ndefu humfanya mtu aonekane mbaya kuliko alivyo.

"Sikiza, mama. Hiyo mzee mwanamke yako ameingia chumba ya kwanza. Tumeuliza yeye, bwana yako nani? Amesema Semahoro. Na bwana yako Ngabo, ile alikufa, faili yake inasema mtoto ya Semahoro. Sasa wewe nasema Amani. Nani nadanganya?"

"Hakuna mwenye anadanganya, shefu. Ni jina moja. Ile niko nasema ni Kiswahili yake."

"Jina hapana Kiswahili! Mimi nikigeuza jina yangu kwa Kiswahili, serikali nalipa mimi mshahara?"

Foleni ikacheka. Mukashema naye akatabasamu kidogo, kwa heshima, akidhani kicheko kimelegeza jambo. Hakikulegeza.

"Kale, sawa. Sema yenyewe basi. Se-ma-ho-ro. Sema tu, naandika, unaenda nyumbani."

Mukashema akafungua mdomo. Akaufunga. Akavuta kitenge chake mabegani kama mtu aliyepigwa na baridi, na jua lilikuwa kali.

"Siwezi, shefu."

"Huwezi ama hujui?"

"Najua. Siwezi sema."

Hapo uvumilivu wa yule kijana ukaisha. "Nyinyi mnaazimana vikongwe kama sufuria," akasema kwa sauti ya kusikika mpaka kwenye mlango. "Leo kwa nyumba hii, kesho kwa nyumba ile, ndio mpate posho ya mtu moja zaidi. Unajua kupika kwake, hujui jina ya bwana yake!"

Sasa hakuna aliyecheka. Mukashema alikuwa ameitwa mengi katika maisha yake, na mengi aliyasamehe kabla jua halijazama. Lakini kuambiwa kwamba mama mkwe wake, aliyembeba mjukuu wake Umwiza mgongoni mwendo wa siku sita, ni sufuria ya kuazima! Aliinama tu.

Afisa akaandika. Alimpa siku kumi na nne arudi kusema ukweli. Akishindwa, bibi kizee ataandikwa peke yake, miongoni mwa wazee wasio na mtu, apelekwe kwenye nyumba zao upande wa Ngarama. Na shamba, kwa kuwa liko kwa jina la Ngabo mtoto wa Semahoro, atapewa mwingine. Mukashema na watoto wake watatu wataanza faili upya, kama watu waliofika jana.

Hayo yalikuwa Nakivale, kambi ya wakimbizi ya Uganda, mwaka 2013, siku ya Alhamisi.

Asiyejua desturi ya watu wa Mukashema atadhani ni ukaidi. Kwao, huko milimani Kivu ya Kusini, msichana akiolewa, jina la baba mkwe linaondolewa kinywani mwake siku ileile. Halitaji tena, mzee akiwa hai, mzee akiwa amekufa. Wenyewe huiita desturi hiyo gutsinda. Na si jina peke yake, hata neno linalofanana nalo. Sasa Semahoro ndani yake limebeba amahoro, ndiyo amani, na amahoro ndiyo salamu ya kila siku ya watu wale! Fikiria mwanamke ambaye kwa miaka kumi na sita hawezi kusalimia kama wenzake. Kanisani, mchungaji akisema "Amahoro!", wote huitika amahoro, yeye huitika kwa Kiswahili, "Amani, Pasta," na mchungaji alikuwa akimsifu kwamba huyu dada anapenda lugha ya mataifa.

Kiswahili ndicho kilichomkomboa. Neno amani halikuwa na mkwe ndani yake. Ndiyo maana siku ile ya kuandikishwa, alipoulizwa jina, alilipitisha jina la mzee kwenye Kiswahili kama mtu anayeshika sufuria ya moto kwa kitambaa. Alidhani amejibu vizuri sana.

* * *

Mama Ngabo, mama mkwe wake, alikuwa uani akipukuchua maharage. Hakuuliza habari. Alingoja Mukashema aweke chini kitenge, anywe maji, aketi. Kisha akasema:

"Banataka ulitaje."

"Ee, mama."

"Litaje basi. Miye mwenyewe nakupa ruhusa. Mwenye jina hayuko hapa kukasirika."

Jirani yao Eugénie, wa kabila jingine, Mfuliru mwenye sauti ya kuitia watu ng'ambo ya ziwa, alikuwa amekuja kuomba chumvi na hakuondoka tena.

"Lakini nyinyi batu ya ng'ombe munajisumbuaka!" akasema. "Jina ni jina. Miye baba mukwe yangu nilikuwa namuita na jina, na jina ya baba yake, na siku alikunywa pombe ya kasiksi nilimuongezea ingine yenye sitaki sema mbele ya mama huyu."

"Ndiyo maana alikufa mapema," akasema Mama Ngabo bila kuinua macho.

Eugénie akacheka mpaka akashika mbavu. "Haya, Mukashema, jaribu. Hapa hakuna mwanaume. Sema, Se..."

Mukashema akasema, "Se..."

Mikono ya bibi kizee ikasimama katikati ya maharage. Haikusimama kwa hasira. Ilisimama tu, kama mtu anaposikia hatua za anayemjua zikija njiani. Mukashema akaiona. Silabi ya pili ikamkwama kooni, akakohoa, akakohoa tena, machozi yakamtoka kama aliyevuta moshi.

"Kunywa maji," Mama Ngabo akasema polepole.

Mukashema akanywa kikombe kizima.

"Mama, si kwamba nakataa," Mukashema akasema baadaye. "Nyumba yetu ilibaki kule. Ng'ombe walibaki. Kaburi ya mzee hatujui iko fasi gani. Ile heshima tu ndiyo nilitoka nayo mikononi. Nikiitupa dirishani pale, mbele ya batu bote, nitakuwa nimetoka na nini?"

"Basi nipeleke Ngarama. Nitakaa na bazee benzangu. Miye ni mutu ya siku ngapi tena?"

"Hapana, mama."

"Shamba ni ya batoto."

"Nimesema hapana."

Hakuwahi kumjibu mama mkwe wake hivyo. Mama Ngabo akamtazama, kisha akarudi kwenye maharage yake, na mwenye macho angeona amefurahi.

"Miye nitaenda dirishani," Eugénie akasema ghafla. "Nitajifunika kitenge, nitasema niko weye. Nitaita hiyo jina mara kumi!"

"Sura yangu iko ndani ya kompyuta."

"Aa. Kompyuta inajua kuchagua. Yangu ingeikataa."

* * *

Mwezi wa nne mwaka uleule alikuwa amepita kijijini mwanamke mmoja wa Mbarara, jina lake Constance, na daftari. Alikuwa akisoma masomo ya juu kabisa, na utafiti wake ulihusu wanawake waliohama nchi zao, jinsi wanavyohama na jinsi wanavyokaa wakifika. Watafiti wengi hupita Nakivale. Wengine hushuka garini na viatu vyeupe, huuliza maswali ishirini, hupiga picha ya mtoto mwenye kamasi, huenda. Constance alikuja na baiskeli ya kukodi, akaketi kwenye bido ya maji iliyogeuzwa, na jambo la kwanza alilosema lilikuwa hili: "Mama, mimi sigawi chakula na sipeleki mtu Amerika. Nauliza tu. Ukichoka, unifukuze."

Mukashema alimpenda kwa neno hilo. Akamjibu maswali yake yote tangu saa tatu mpaka maziwa ya jioni, mengine kwa Kiswahili, mengine kwa mkalimani. Naye Constance alipoondoka akamwachia namba ya simu na jina la chuo anakofanya kazi.

Namba haikupatikana. Jumanne, siku ya tano kati ya zile kumi na nne, Mukashema aliomba nafasi kwenye lori la maziwa liendalo Mbarara, akaketi kati ya makopo. Mtikisiko wa njia ukamwagia maziwa kwenye sketi yake ya kanisani. Alipofika kwenye geti alilotafuta, nguo ilikuwa imekauka na kuanza kunuka.

Mlinzi wa geti alikuwa amestaafu jeshini, miaka yake mingi aliimaliza kambi ya Makenke, na Kiswahili chake kilikuwa bado kimevaa magwanda.

"Simama hapo! Wewe natoka wapi?"

"Nakivale, afande."

"Mkimbizi. Na karatasi ya kutoka kambi?"

Mukashema akamwonyesha. Akaisoma mbele, akaigeuza, akaisoma nyuma pasipokuwa na kitu.

"Nataka nani?"

"Mwalimu Constance. Alikuja kwetu kuniuliza maswali."

"Sasa na wewe nakuja kuuliza yeye?" Akacheka peke yake. Kisha akavuta pua. "Hapa ni pahali ya kusoma, mama, hapana pahali ya maziwa. Kaa pale, karibu na takataka, upepo napeleka harufu huko."

Akaketi pale. Saa ya kwanza walipita wasichana wa chuo, wakaziba pua kwa adabu. Saa ya pili alikunja sketi ili sehemu mbaya iwe ndani. Wako watu ambao wangeondoka. Mukashema alikuwa ameshajifunza kwamba mwenye shida hana haraka, mwenye haraka ni yule aliyekalia kiti.

Constance alipotoka kwenda kula, akamwona, akasimama.

"Nyabo! Mama Umwiza! Nani amekuweka hapo?"

Mlinzi akawa anaangalia juu ya mti. Constance akamshika Mukashema mkono, na sketi yake, na harufu yake, akampitisha getini mpaka ndani ya chumba kidogo chenye meza iliyojaa madaftari. Akamwagizia chai na chapati. Hakumuuliza kitu mpaka chapati ilipoisha.

Mukashema akasimulia, nusu Kiswahili, nusu Kinyankole alichojifunza sokoni. Alipofika kwenye neno "Jina hapana Kiswahili," Constance hakucheka. Uso wake ulibadilika. Akainuka, akavuta daftari moja la chini kabisa, akalifungua.

"Angalia," akasema. "Hapa ni wewe."

Mukashema alisoma hadi darasa la tatu, lakini rangi haihitaji darasa. Pembeni ya jina lake palikuwa na alama ya kalamu nyekundu. Kurasa mbele, nyingine. Na nyingine.

"Hii nyekundu inasema nini, Mwalimu?"

Constance akaweka kidole juu ya alama ile. "Inasema, 'Huyu asiaminiwe.' Niliuliza wanawake arobaini na tatu. Niliwauliza na mama wakwe zao pia. Kumi na mmoja, jina la baba mkwe halikufanana. Mama mkwe anasema hivi, mkwe anasema vile. Mmoja aliniambia baba mkwe wake ni Vita. Mwingine akasema Muumba. Nilidhani ni makosa ya mkalimani. Halafu nikadhani mnanificha kitu. Wiki ijayo nilikuwa nawatoa wote kumi na mmoja kwenye kitabu."

Constance akaliweka daftari mezani. Akaendelea, safari hii akisema na nafsi yake zaidi:

"Na mimi bibi yangu wa Ngarama, mpaka anakufa, aliita mvua 'yale maji ya juu'. Kwa sababu baba mkwe wake aliitwa kwa jina la mvua. Sisi wajukuu tulimcheka. Tukasema bibi amezeeka. Miaka yote hii nasoma habari za wanawake, nikauliza 'jina lake nani', sikuuliza hata mara moja, 'unaruhusiwa kulitaja?'"

Akachukua kifutio. Nyekundu ya kalamu ile haikufutika vizuri, ilibaki kama doa la komamanga, lakini alisugua zote kumi na moja, akapuliza mavumbi. Mimi nasema hivi: kusoma sana ni kitu kizuri, lakini msomi anayesugua kosa lake mbele ya mtu anayenuka maziwa, huyo amesoma kweli.

"Nitakuandikia barua," akasema. "Nitaeleza desturi yote."

"Barua ni nzuri, Mwalimu. Lakini yule kijana anataka mdomo. Alisema, kila mtu aseme mwenyewe."

"Andika basi kwa mkono wako. Nitakusaidia herufi. Hutasema kitu."

Mukashema akaangalia mikono yake. "Mkono ni wangu vilevile."

Constance akakuna kichwa kwa kalamu. Mukashema, ili kumwondolea aibu ya kukosa jibu, akasema, "Hebu nisomee hao benzangu. Ni akina nani?"

"Nathalie, wa kijiji cha pili. Mama mkwe wake alisema mzee aliitwa Rugamba."

"Rugamba!" Mukashema akapiga makofi. "Nathalie wa mulima yetu! Ndiyo huyo Vita! Rugamba ni vita, Mwalimu."

"Olga. Habiyaremye."

"Habiyaremye. Aliyeumba. Ee Mungu wangu, akasema Muumba!" Akacheka mpaka chai ikamwagika. "Ingine?"

"Musoni."

"Musoni. Ingine?"

"Kayumba."

"Kayumba," akasema Mukashema. Akayarudia taratibu, moja moja, kama mtu anayeonja maji ya visima mbalimbali. Rugamba. Habiyaremye. Musoni. Kayumba. Yote yalipita. Hakuna lililokwama.

"Mwalimu," akasema. "Ile sheria yao. Inakataza nani kunisemea?"

Constance akatafuta karatasi. "Inakataza ndugu. Mtu wa nyumba moja na wewe. Lakini kama mtu ameshindwa kujibu, shahidi anaruhusiwa, asiwe wa ukoo, awe anawajua tangu mlikotoka."

"Basi weka kalamu chini. Nionyeshe hawa batu kumi wanakaa fasi gani."

* * *

Nakivale si kijiji, ni nchi nzima imelala chini. Siku sita Mukashema alitembea kwa miguu. Kumi na mmoja hawakufika kumi na mmoja. Mmoja alikuwa amekwisha hamishwa, nyumba yake imeingiliwa na watu wengine, hawajui alipokwenda. Mmoja mume wake alisimama mlangoni akasema jina la baba yake halitapelekwa sokoni kama nyanya. Wawili waliogopa kompyuta. Mmoja alisema atakuja, na hakuja.

Waliofika Alhamisi ya siku ya kumi na nne Base Camp, penye ofisi ya kuandikisha, kabla dirisha halijafunguliwa, walikuwa sita pamoja na Mukashema. Constance alikuja na baiskeli yake ya kukodi na barua yenye muhuri. Mama Ngabo aliingizwa chumba cha kwanza, peke yake, kama sheria ilivyotaka, ukuta wa mbao kati yake na dirisha la tatu. Eugénie hakuwa na shida yoyote pale, alikuja kuangalia.

Afisa akasoma barua mara mbili. Safari hii alikuwa amekula.

"Kale," akasema. "Nimeelewa. Kwetu pia iko vitu mwanamke hasemi. Lakini mimi sina sanduku ya kuandika desturi. Hapa kwa kompyuta iko sanduku ya jina, na sanduku nataka mdomo. Nifanye nini, madamu?"

"Iko na sanduku ya shahidi," akasema Constance.

"Shahidi iko. Shahidi nani?"

Nathalie akasogea. Mwanamke mrefu, mwembamba, mikono yake imepasuka kwa kukama. "Miye, shefu. Nilitoka naye mulima moja. Hatuko ukoo."

"Na wewe shahidi yako nani?"

"Mukashema."

"Na ya Mukashema ni wewe." Afisa akahesabu vichwa dirishani. "Na huyu? Na huyu? Nyinyi mmekuja kama kwaya!"

"Kwaya inakuwaka na sauti mbaya moja," Eugénie akasema kutoka nyuma. "Hapa haiko."

"Wewe ni shahidi ya nani?"

"Ya chumvi."

Afisa akajizuia kucheka, akashindwa. Akashuka na kidole kwenye orodha yake. "Ngoja. Olga! Ni wewe ulileta mzee Muumba? Bosi yangu aliuliza mimi kama Mungu amefungua faili Nakivale."

Olga akajificha nyuma ya kitenge, mabega yakitetemeka kwa kicheko.

"Kale. Shahidi ya kwanza. Mbele." Akavuta ubao wa herufi karibu. "Huyu mama Mukashema, unajua yeye?"

"Namujua tangu aliolewa. Nilikula ndoa yake."

"Bwana yake?"

"Ngabo."

"Na baba ya Ngabo, jina yake nani?"

Mukashema alivuta kitenge kikafunika kichwa chake. Akainuka kutoka kwenye benchi, kama anavyoinuka mkwe wakati baba mkwe anapoingia nyumbani, macho chini, mikono imekusanywa mbele. Hakuna aliyemwambia afanye hivyo. Wale wanawake wengine, walipomwona, wakainuka wale waliokuwa wameketi, na kwa muda foleni nzima ya dirisha la tatu, Wakongo na Warundi na Wasomali wasiojua kinachoendelea, ikawa imesimama.

"Semahoro," Nathalie akasema.

Alilisema kwa sauti ya mtu anayetoa ushahidi mbele ya Mungu, sauti ya kutosha, wala hakulikata.

"Semahoro," afisa akarudia, akiandika herufi moja moja. "Mama, ni huyo?"

"Ni ye, shefu."

"Sasa wewe. Shahidi ya huyu Nathalie. Baba ya bwana yake?"

"Rugamba!" akasema Mukashema, na jinsi lilivyomtoka kwa nguvu, baada ya kubanwa siku zile zote, wakacheka tena.

Wakapita hivyo, wawili wawili. Musoni likasemwa na mke wa mtoto wa Kayumba, Kayumba likasemwa na mke wa mtoto wa Musoni. Olga akamtajia mwenzake, mwenzake akamtajia Olga, na Muumba akafutwa kwenye kompyuta, akaingia Habiyaremye. Constance aliketi sakafuni karibu na mlango, daftari mapajani, na kwa muda mrefu hakuandika neno. Kitabu chake kilipochapwa, mwaka 2015, sura nzima ilikuwa ya wanawake hawa, na aliandika wazi kwamba dawa hawakuipata kwake.

Mashine ikatoa karatasi. Mukashema. Watoto watatu. Mama mkwe. Nyumba moja. Shamba lilelile. Afisa akapiga muhuri, akausukuma mlango wa chumba cha kwanza kwa mguu.

"Mzee mama! Toka. Uko na watu wako."

Mama Ngabo hakutoka mara moja. Alipotokea, alikuwa ameshika ukuta wa mbao kwa kiganja chote, kana kwamba bado anausikiliza. Hakuangalia karatasi aliyonyooshewa. Aliangalia nyuso za wanawake, moja baada ya nyingine.

"Ni nani amemuita?" akauliza.

Mukashema alishtuka. Alidhani amemkosea. Tangu 1998, vita ilipowatoa milimani, hakuna mtu wa kwao aliyelitamka jina lile karibu na masikio ya mwanamke yule. Yeye mwenyewe, isipokuwa mbele ya afisa, siku zote alimwita mzee. Mwanawe alimwita baba. Mkwe wake alinyamaza.

"Ni miye, mama," Nathalie akasema, sauti imeshuka. "Unisamehe. Ilikuwa kwa ajili ya karatasi."

Mama Ngabo akatikisa kichwa. Akaketi kwenye benchi, akanyoosha kanga yake, akapangusa uso kama mtu anayengoja mgeni aliyechelewa sana.

"Mumuite tena," akasema.

Nathalie akamwangalia Mukashema. Mukashema, chini ya kitenge chake, akaitikia kwa kichwa. Afisa wa dirisha la tatu akaiacha kalamu, akamwashiria aliyefuata kwenye foleni angoje kidogo.

Nathalie akaita.